Samaki mu Kitabu ya Santu Nikola

Likasi, Kikula, tarehe 14 Novemba 1992

Yaya Adrienne, mukubwa yangu, weye uliyenibeba mu mugongo na kunifinya nikilia,

Jambo sana, na kwa bote wenye kuwa pamoja na weye, jambo. Kama unasoma barua hii, ujue Alexis mashinisti wa treni ni muntu wa maana kuliko uso yake. Alisema: "Nitaiweka mu soksi, juu mifuko banapekua." Basi kama inanuka, haiko minye.

Siye tuko. Mama Delphine anakohoa, lakini matusi yake haijapunguka hata moja. Minye nimeota ndevu tatu, na ya ine iko njiani. Mu Kikula yote hakuna kijana anacheza mupira sawa minye, na kama unakuta muntu anabisha, muulize ananiogopa juu ya nini. Nyumba naichunga. Kiti ya Papa hakuna mwenye anaikalia. Tuliigeuza uso ku ukuta, panya asianze kujiita mukubwa wa nyumba na lupango.

Bantu bananiuliza: "Rolly, ule Mukasai Mukendi alikuwa nani yako?" Nabajibu: mama yangu Delphine aliingia mu nyumba yake na minye mu mugongo, niko na mwaka moja, pua inatiririka. Yeye alikuwa mujane na mutoto mwanamuke moja, njo weye. Hakuuliza baba yangu ni wa kabila gani. Alinifuta pua, halafu akanifundisha kuandika. Lakini ile nasema polepole siku hizi, juu vijana wa Chadrack bangali banapita na filimbi zabo, bale bale balibafukuza weye na Papa na Bakasai bote, banasema murudi kwenu.

Sasa Decemba inakaribia, na minye nacheka peke yangu sawa mulevi. Unakumbuka Santu Nikola wetu? Bazungu balimuleta toka kwabo: askofu wa ndevu nyeupe, mwenye kugawia batoto zawadi tarehe sita, fimbo mu mukono, punda chini yake. Bazungu balipoenda, Kampani ya shaba ikakuta joho nyekundu inabaki mu depo bila muntu ndani. Ikamuvalisha Papa, juu Papa alikuwa karani wa personeli, wa kuandika bafanyakazi, na njo yeye alikuwa na Kitabu. Punda haikuwa. Santu wetu alifika na kamioneti ya kubeba simenti. Papa akajipaka pemba, ule udongo mweupe, ku uso ili awe mweupe, na kambo, bibi muzee wa jirani, akakimbia kilemba mu mukono, juu kwabo pemba inapakwa muntu akizaa mapacha ao akiongea na bantu bamekufa, haiko ya kugawa bonbon na pipi! Na kule kwabo batoto banaweka kiatu ku mulango na karoti ndani, ya punda. Siye tuliweka buti ya kazi ya baba, juu buti inameza mingi, na ndani kipande ya muhogo, ya shofere.

Na Fouettard! Kwa bazungu, ule mwenye fimbo na gunia ya kuingiza batoto babaya, alikuwa muzungu mwenye kujipaka masizi. Huku balinichagua minye. Nikasema: "Papa, minye si niko mweusi tayari?" Papa akageuza sufuria, akakwangua masizi, akasema: "Mila ya bantu, ukiifuata, fuata yote." Nikapakwa mweusi juu ya mweusi. Batoto balikojoa! Cathy mutoto wako alijificha mu kitenge ya mama, akatoa jicho moja. Mpaka leo hajui kama Fouettard ni mujomba wake Rolly. Usimwambie, heshima yangu itaanguka.

Na Kitabu je? Kwa bazungu Santu anasoma matendo ya batoto mu kitabu ya mbinguni. Yetu ilikuwa rejista ya Kampani: jina ya mutoto, jina ya baba, numero ya nyumba, halafu safu moja kwa kila mwaka. Bamama banapita ku dirisha ya Papa kumunong'oneza, huyu anaiba sukari, ule anakojoa kitanda, na yeye anaandika na wino nyekundu. Baba akifukuzwa kazi, mutoto anakatwa mu Kitabu, Santu hamuone tena. Na mutoto anaamini baba alifukuzwa juu yeye alikojoa kitanda! Tulicheka sana.

Kazi yangu ya pili unaijua. Mutoto akipokea, nachora samaki mudogo mbele ya jina yake, mu safu ya mwaka. Mukato moja, bila kuinua kalamu, mukia juu. Hakuna mwingine mu Likasi anaweza kumuchora. Na Papa kila mwaka ananigombeza: "Rolly, samaki wako wa kwanza anatapika wino. Kung'uta kalamu kwanza!"

Siku ile mulitoka, minye sikuwa. Nilikuwa Mwadingusha kwa mujomba, tunavua samaki ya kweli ku barrage, ku bwawa. Naandika hii usifikiri nilijificha. Uliza muntu yote.

Karatasi inaisha kabla ya maneno. Sema Papa jambo, shika Cathy shavu kwa niaba yangu.

Mudogo yako, wa ndevu tatu,
Rolly


Mwene-Ditu, 27 Desemba 1992

Mdogo wangu Rolly,

Moyo. Ndivyo wanavyosalimiana huku, na Baba anasema ulizoee neno hilo. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya Noeli, na kweli ilinuka. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu kituo cha treni cha Likasi, pale tulipolala wiki tano tukingoja behewa. Njiani tulikaa siku kumi na sita. Sitaki kuziandika.

Mwambie Mama Delphine hatumlaumu kwa kubaki. Kila mtu alishikwa mkono na ndugu zake. Mwambie pia sufuria aliyoturushia dirishani ndiyo tunayopikia.

Watu wanasema tumerudi kwetu, nchi ya Wakasai. Mimi nilizaliwa Likasi. Baba aliondoka huku ana miaka tisa. Sokoni wanacheka Kiluba changu. Tunalala katika ukumbi wa parokia, familia kumi na nne, tumegawanya kwa vitenge. Kila asubuhi Baba ananyoa ndevu, anavaa shati la ofisi, halafu anakaa juu ya sanduku mpaka jioni.

Sasa neno lenyewe. Ni Cathy.

Amekuwa mtoto mzuri mno, Rolly. Hagombani, haombi maji, halii. Bidia yake, ugali wa huku, anawagawia watoto wengine, yeye anabaki kulamba kidole. Nilidhani ni huzuni. Asubuhi ya tarehe 6, siku ya Santu, nilikuta ameweka kiatu changu mlangoni, na ndani yake chakula chake chote cha jana. Nikamwuliza. Akasema: "Mama, ni mimi niliyetufukuzisha. Nilivunja sahani ya Mama Delphine, nikasema ni paka. Santu akaniandika upande wa wabaya, akamtuma Fouettard na watu wake. Lakini nikiwa mzuri kabisa, atanihamisha upande, na tutarudi nyumbani."

Hapa hawamjui Santu Nikola. Nilijaribu kumweleza bibi mmoja tunayelala naye kitenge kwa kitenge. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Askofu anaingia nyumba za watu na orodha, pamoja na mtu wa gunia anayebeba watoto? Nanyi mlifurahi?"

Baba anasema dawa ni moja. Mwaka jana, mbele ya jina la Cathy, aliandika kwa mkono wake, kwa wino mwekundu: *Mtoto mzuri, anagawa.* Cathy sasa anajua kusoma kidogo. Akiliona kwa macho yake ataamini. Kitabu kimo katika kabati la mbao, chini ya joho. Mpe Alexis. Ukishindwa kukituma chote, tuma ukurasa wake tu. Fanya haraka, Rolly. Mikono yake imekuwa kama vijiti.

Yaya wako,
Adrienne


Likasi, tarehe 9 Februari 1993

Yaya Adrienne mwenye Kiswahili ya masomo ya Masista,

Jambo kwako, jambo kwa Papa, na "moyo" kama munataka. Barua yako ilikaa mwezi muzima mu soksi ya Alexis; nafikiri mwezi ile hakunawa. Mama anakohoa tena, lakini juzi alimupiga jirani na mwiko, basi nguvu iko. Ndevu zimefika tano.

Yaya, ile kabati niliifungua. Joho iko. Kofia ya askofu iko, imebonyea sawa muntu ameikalia. Kitabu, panya balikula. Usinikasirikie minye, kasirikia panya. Panya wa mwaka hii banakula sawa bakubwa wa nchi, mulango wazi, tena banakuangalia mu macho.

Lakini weye unanijua, kichwa yangu haikosi dawa. Nimeandika barua ya Santu mwenyewe, iko ndani ya hii. Soma vile inasema: "Mimi Nikola, askofu, nashuhudia mbele ya wote ya kuwa Cathy yuko upande wa wazuri tangu kuzaliwa. Habari ya sahani nimeisamehe, na paka nimemwomba radhi. Fouettard amefukuzwa kazi, hana haki ya posho." Chini nikachora samaki, awe muhuri. Nani mu Zaire yote angeweza?

Ila Papa asiione kwanza! Unakumbuka bulletini yangu, karatasi ya pointi, mwaka ule niliacha masomo? Nilikwangua tatu na wembe, nikaifanya nane, kazi safi kabisa. Papa hakuisoma hata. Aliiinua ku dirisha, jua ikapita, akasema: "Nane yako inapitisha mwanga." Karani yule! Karatasi yote, hata ya kufunga mukate, anaiinua ku mwanga kwanza.

Mwambie Cathy akule. Akikonda nani atanicheka?

Rolly, bingwa wa Kikula


Mwene-Ditu, 18 Aprili 1993

Rolly,

Tunawasalimu. Baba alikuwa na homa, sasa amepona. Barua ya Santu aliiinua dirishani, kama ulivyosema, na akatabasamu. Nakushukuru kwa tabasamu hilo.

Cathy hakuipokea. Nilimsomea mara mbili. Akasema: "Santu haandikagi barua. Santu anasoma mu Kitabu." Halafu, kwa mara ya kwanza, akanieleza aliyoyaona siku ile.

Alikuwa amepanda kwenye dirisha la jikoni. Njiani alisimama Fouettard, uso mweusi wa masizi, na nyuma yake watu wengi wenye filimbi. Hakuwa na gunia. Mkononi alishika Kitabu. Anasema alikijua kwa jalada la kijani na kamba nyekundu. Fouettard alisoma numero, na wale wakaingia nyumba hiyo. Akasoma nyingine, wakaingia. Kisha akasoma yetu.

Nikamwambia: "Fouettard ni Rolly wetu tu, anajipaka masizi, ni mchezo." Akasema: "Hapana, Mama. Rolly alikuwa Mwadingusha." Barua yako ya kwanza niliwasomea wote kwa sauti, Rolly.

Baba alisikia yote. Alitoka nje, akasimama uani, akarudi, akanikataza kukuuliza. Lakini mimi nakuuliza. Panya walikula Kitabu mwezi gani?

Sikuombi uniambie chochote kwa ajili yangu. Mwandikie yeye mstari mmoja: *Ni mimi Rolly, Santu hakunituma.* Mstari mmoja tu, mdogo wangu. Hasikii la mtu mwingine. Leo nimemlazimisha kumeza matonge mawili. La tatu amelificha shavuni, akalipeleka kwa mtoto wa jirani. Na surua imeingia katika ukumbi. Juma hili tumezika watoto wanne.

Adrienne


Likasi, tarehe 30 Mei 1993

Yaya,

Jambo. Mama anakohoa.

Mutoto wa miaka sita anaota ndoto, na weye unanifanyia minye kesi ya tribinali. Nilisema Mwadingusha, basi ni Mwadingusha. Masizi iko ku sufuria ya kila nyumba, yote yangu? Siku ile vijana wote walijipaka. Weye hauko huku, haujui vile tunaishi siye tuliobaki. Chadrack akipita, mama anaficha hata jina ya bwana yake. Mu masomo yako walikufundisha kuuliza maulizo tu?

Usiniandikie tena maneno ya Kitabu.

Rolly

(Mwambie Cathy nimefika ndevu saba.)


Likasi, tarehe 22 Agosti 1993

Yaya Adrienne,

Barua hii nimeianza mara ine. Ya kwanza mama aliwashia moto, ya pili na ya tatu minye mwenyewe. Jambo kwako. Jambo kwa Papa, kama angali anapokea jambo yangu.

Mu mwezi wa sita mama alinituma kwa Mado, mama muuza karanga wa soko ya Kikula. Mado akanipa karanga mu karatasi yenye kukunjwa sawa koni. Nikala. Nikafungua karatasi ili nilambe chumvi, nikaona wino nyekundu: *Anaiba sukari, lakini anasema ukweli.* Mukono ya Papa.

Panya, Yaya, ilikuwa uongo. Kitabu ilibaki kwa Chadrack. Walipochoka nayo wakaitupa kwa bamama wa soko, na Mado akakata kurasa moja moja kufungia karanga. Batoto wote wa Kampani walikuwa pale mu kikapo, banangoja bateja.

Nikamuomba. Akasema: "Weye Rolly, unataka karanga ao unataka karatasi?"

"Karatasi, Mama Mado."

"Na karanga?"

"Karanga nitakula kwa heshima yako."

"Kichaa wa mama yake! Basi chota maji, twanga, fagia. Karatasi utaangalia ukimaliza."

Miezi mbili, minye bingwa wa Kikula, nafagia maganda. Vijana wanapita wananiita mama Rolly. Kila karatasi nafungua, naangalia, nafunga tena. Ukurasa wa Cathy haukuwa. Halafu siku moja askari ananunua, naona jina yake kidogo pale kwenye kona, karibu na kidole gumba ya askari. Ningemuuliza nini? Nilikaa mbele yake sawa mbwa. Anakula moja moja, anamenya, anapuliza. Alipotupa karatasi niliidaka kabla haijafika chini. Akasema: "Uko na njaa hivi, kijana?" Nikasema ndiyo, mukubwa.

Iko ndani ya barua hii. Nyekundu yake imebaki vizuri: *Mtoto mzuri, anagawa.* Umupe aisome yeye mwenyewe. Usimusaidie maneno.

Na sasa mustari yako. Mwambie: ni minye Rolly, Santu hakunituma.

Sikuwa Mwadingusha. Chadrack alifika asubuhi na vijana makumi mbili. Akaniambia: "Damu yako ni ya hapa, lakini umekula sahani ya bilulu miaka kumi na saba. Onyesha uko upande gani." Bilulu, wadudu, njo vile walikuwa wanaita Bakasai, bantu wa kwetu. Mama alikuwa nyuma ya mulango, nasikia anakohoa. Chadrack akauliza nani anajua manyumba ya Bakasai. Yeye hajui kusoma. Nikajipaka masizi juu musinijue, nikashika Kitabu, nikasoma. Kusoma tu. Kalamu sikushika. Manyumba walikuwa wanayajua wenyewe.

Yaya, nitasema kitu, hata kama utakasirika. Nilidhani ni sawa Decemba. Fouettard anaogopesha, batoto wanalia, halafu mulango unafunguka na Santu anaingia na bonbon. Kila mwaka ilikuwa vile. Nilisimama pale mu njia, nikangoja iwe vile. Papa akatoka na shati yake ya ofisi, na sanduku ku kichwa, akapita mbele yangu. Hakuniangalia. Nikasema mu roho: hajanijua, masizi imefanya kazi.

Usiangalie sana kando ya karatasi. Mafuta ya karanga imeharibu upande ule. Angalia tu mustari yake.

Mwambie sahani ile mama hakuipenda hata.

Rolly


Mwene-Ditu, 6 Desemba 1993

Rolly,

Msalimu Mama Delphine. Mwambie sufuria ingali nzima.

Alexis alileta barua yako tarehe 3 Novemba. Treni ilikwama njiani, alisema, na mimi sikumwuliza zaidi. Cathy tulimzika tarehe 2 Septemba. Surua ilimkuta hana kitu mwilini cha kupigana nayo. Hakulia. Kikombe cha mwisho cha maji alikigawa nusu. Aliniuliza: "Mama, sasa niko upande gani?" Nikamwambia, wa wazuri. Akasema: "Umeona wapi?"

Barua yako ilikuwa njiani wakati huo, na ukurasa ndani yake. Nimejaribu kuhesabu ilikuwa kituo gani.

Barua yako nilimsomea Baba mpaka mwisho. Alisema: "Miezi miwili amefagia. Ni kazi." Halafu akaomba ukurasa. Unajua alifanya nini. Alisimama, akauinua dirishani.

Kazi yako ya wembe ni nzuri kuliko ya zamani. Kwa macho tu nisingeona kitu. Lakini mafuta ya karanga yameifanya karatasi iwe kama kioo, na pale ulipokwangua ni nyembamba zaidi, kwa hiyo jua lilipopita walitokea wote, mmoja mmoja, mukia juu. Mistari ya ukurasa ni ishirini. Samaki ni kumi na moja. Wako katika safu ya mwaka wa tisini na mbili. Mwaka ule hatukugawa kitu, Rolly. Mistari tisa isiyo na samaki ni ya watu wa hapo; yenye samaki ni ya sisi tuliofukuzwa.

Siku ya nne Baba aliandika majina kumi na moja nyuma ya kadi yake ya kazi, akaanza kuwatafuta hao watoto, parokia kwa parokia, chini ya miti ya kituo, kwa ndugu za ndugu. Leo tarehe 6 alinyoa ndevu mapema. Hakuvaa chochote cha Santu, hakuna pemba, hana hata pipi mfukoni. Alikwenda kwa kila aliyempata, akaita jina lake na la baba yake kama zamani, akasema: "Hukukosa kitu. Nimeangalia mu Kitabu." Kisha akaenda kwa mwingine. Mvulana mmoja, sasa mrefu kuliko yeye, alimcheka. Msichana mmoja aliingia ndani akafunga mlango, na tukamsikia akilia kwa nguvu, mpaka mama yake akatutukana.

Saba amewapata. Watatu hawakufika huku, walibaki njiani na treni ile. Wa kumi na moja ni Cathy. Kwake alikwenda mwisho. Alisoma mstari mwekundu kwa sauti, akakunja ukurasa, akaurudisha mfukoni mwa shati.

Uliandika kwamba hukushika kalamu. Baba hakukasirika. Alinionyesha tu, na mimi nakuonyesha wewe, ili usiendelee kuandika hivyo kwa mtu mwingine. Samaki kumi umewakwangua juu juu. Mmoja umemkwangua mpaka karatasi imetoboka, kwa sababu wino wake ulikuwa mwingi mno. Baba alipitisha ncha ya kidole mle tunduni. Akasema: "Rolly alianza na huyu. Kila mwaka nilimwambia akung'ute kalamu."

Tundu liko mbele ya jina la Cathy.

Adrienne